Pua ya Mgeni

Mimi nina mdomo, sifichi. Tangu nikiwa binti watu walikuwa wakisema Deodata ana mdomo, na nilipopewa kazi ya kufundisha elimu ya watu wazima wakasema haya, mdomo umepata ajira. Kwa hiyo haya nitayasema kama yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonitia aibu mpaka leo.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane ukielekea kwisha. Mkoa wetu bado ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, na huko juu mpakani vita vilikuwa vimekwisha kuwaka. Sisi tulikuwa kijiji cha ujamaa upande wa Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo, kijiji chenye umri wa miaka minne tu. Operesheni ya kuhamia vijijini ilitukusanya pale, Wasubi wa vilimani na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Geita na Shinyanga, tukapangwa kwa mistari kama mahindi ya bwana shamba. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Wa kwetu alikuwa Kazimili, Msukuma mtu mzima, mpole, mwenye redio ambayo jioni tulikwenda kusikilizia habari za vita.

Katika zile nyumba kumi, ya kwangu ndiyo iliyokuwa nyumba. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyokuwa nikisema wakati ule, tena kwa sauti. Mume wangu Pancras aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akaezeka bati, akatia madirisha matatu ya mbao, na tukapewa cheti cha nyumba bora ambacho nilikitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukikosa. Jirani yangu Limi alikuwa na msonge wa nyasi, na usiku alilala humo na wanawe pamoja na ndama wawili. Ikifika jioni alichoma kinyesi kikavu cha ng'ombe kufukuza mbu. Mimi nikipita pale nilifunika pua kwa kanga, na nilihakikisha ameniona.

Mwezi wa kumi na moja Pancras akaitwa pamoja na mgambo wengine kwenda vitani. Siku zile zile ilipita amri kwamba usiku moto wala taa visionekane nje na madirisha yazibwe, kwa hofu ya ndege za adui. Jiko letu la nje lilikuwa la mabua matupu; ukiwasha moto humo, mwanga unatoka kila upande. Pancras akaniambia nipikie ndani, chumba cha nyuma. Kisha akachukua magunia akayasokomeza kwenye madirisha yote matatu, akafunga mbao, na kwa nje akakandika udongo mpaka hata uzi wa mwanga haupiti. Udongo ulipokauka alama za vidole vyake zilibaki pale. Kila asubuhi nikitoka nilikuwa naweka vidole vyangu juu ya vile vyake. Nilimpenda sana yule bwana, na nilikuwa naogopa.

Tulikuwa tukikaa na mama yake, Marsiana, Mhangaza wa Murukulazo kule Ngara. Yeye alikata neno mapema. Alisema alichofunga msafiri hufunguliwa na msafiri mwenyewe. Tukifungua sisi, itakuwa kama tumetamka kwamba harudi. Sijui kama ilikuwa mila ya ukoo wao au ilikuwa hofu ya mama tu. Mimi nililishika neno lile kwa mikono miwili, na madirisha yakabaki vile.

Kisha Felisita akaanza kukohoa. Ndiye binti yetu wa pekee, alikuwa na miaka minne. Kifua cha kwanza kilimjia wiki tatu baada ya baba yake kuondoka, mbavu zikawa zinabonyea akivuta pumzi. Zahanati wakamdunga sindano siku tano, akapata nafuu. Nikamrudisha nyumbani, nikamwekea jiko la mkaa karibu na kitanda apate joto, nikaziba hata upenyo wa chini ya mlango. Kabla ya Krismasi kifua kikarudi. Safari hii mganga wa zahanati alinivuta pembeni baada ya kumdunga, akasema hizo ndizo sindano zake za mwisho, nyingine zote zimepelekwa mbele kwa askari na hajui zitakuja lini.

"Kikirudi mara ya tatu, mama," akaniambia, "sina la kukupa."

Nikarudi na mwanangu mgongoni nikihesabu hatua. Nilipopita kwa Limi, moshi wa kinyesi ukanipiga usoni, Felisita akakohoa. Papo hapo nikajua adui wa mtoto wangu ni nani. Au nilidhani nimejua.

Mwezi wa kwanza akatujia Bwana Afya kutoka boma la Biharamulo, kijana mmoja anaitwa Privatus, juu ya baiskeli, na mkoba wa fomu. Zahanati nyingi zilikuwa zimeandika kwamba vifua vya watoto vimezidi tangu amri ya giza, na wakubwa wake walitaka kujua watu wenyewe wanaionaje hewa wanayoivuta ndani ya nyumba zao. Chombo cha kupimia hakuwa nacho. Alikuwa na swali moja na majibu matano: nzuri sana, nzuri, ya kadiri, mbaya, mbaya sana. Mahali ambapo hewa ingeonekana mbaya, boma lingetoa kibali cha kufungua madirisha mchana na miti ya kujengea jiko la nje lililozungushiwa ukuta. Alihitaji mtu wa kumtafsiria Kisubi na Kisukuma, akaelekezwa kwangu.

Nilikubali upesi, wala si kwa kuupenda umma. Nilitaka nyumba ya Limi iandikwe mbaya sana kwa wino wa serikali, ndama watolewe na ule moshi ukome.

Tukazunguka nyumba kumi za balozi wetu. Lo! Kila mlango jibu lilikuwa moja: nzuri sana. Petronila mpika rubisi, ile pombe ya ndizi, ambaye nyumba yake unaweza kulewa ukiwa umesimama mlangoni, alisema nzuri sana. Limi alisema nzuri sana huku akifuta machozi ya moshi. Kazimili, kwa kuwa ni balozi na anatakiwa kuwa mfano, aliuliza kama hakuna jibu lililo juu ya nzuri sana.

Privatus alifurahi, lakini mimi niliwaelewa. Miaka minne nyuma, watu wa boma walikuja vivyo hivyo na karatasi, wakauliza habari za nyumba zetu za kule vilimani, na baada ya karatasi yakaja malori. Nani angekubali tena kumwambia mtu wa boma kwamba nyumba yake ina kasoro? Halafu kuna adabu. Mke akisema hewa ya ndani ni mbaya amemtukana mume aliyejenga, mume akisema hivyo amemtukana mke anayefagia. Na mgeni ndiyo kabisa, hata akipaliwa na moshi atasema ni mate tu yamempitia njia mbaya. Sisi tumelelewa hivyo, Wasubi na Wasukuma sawasawa.

Na mimi? Fomu yangu niliijaza mwenyewe, kwa mwandiko wa kupendeza: nzuri sana. Wala sikudanganya. Ndivyo nilivyoiona.

Siku ya pili Privatus alikaa barazani kwangu akizipanga zile fomu, huku ndani Felisita anakohoa, kwa jirani mtoto mwingine anakohoa, na Kazimili mwenyewe anapita njiani anakohoa. Kijana akaweka kalamu chini.

"Mwalimu," akasema, "kijiji kizima kinakohoa na kijiji kizima kina hewa nzuri sana. Hapa kuna mmoja anatudanganya, kifua au mdomo."

Maneno yale yalinikaa. Jioni yake nilikuwa na darasa, watu arobaini ndani ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa. Nilipoingia kutoka nje ile harufu ya jasho na koroboi ilinisukuma nyuma nusu hatua, kama kila siku. Nikaandika herufi ubaoni, nikageuka, harufu imekwisha. Kama kila siku. Ila siku ile nilijiuliza imekwenda wapi, maana watu ni wale wale na koroboi ni zile zile. Haikwenda popote. Pua yangu ndiyo iliyochoka kupiga kelele ikanyamaza. Nikaelewa kwamba tumekuwa tukimuuliza mtu asiyefaa. Mwenye nyumba hawezi kujua. Wa kuulizwa ni anayeingia sasa hivi kutoka nje, na aulizwe kabla pua yake haijazoea, tena kwa namna ambayo hatalazimika kumwaibisha mwenyeji.

Nikampa Privatus mpango wangu. Kila nyumba itoe pua moja. Pua zote kumi zikae nje penye upepo, muda wa kupukuchua hindi moja polepole, kisha ziingie nyumba ya mtu moja moja, zivute pumzi tatu na kutoka. Mwenye nyumba yeye haingii kwake. Mlangoni kuna vyungu viwili vimefunikwa kitambaa, na kila mtu ana punje ya hindi na harage moja mkononi. Hewa ikiwa nzuri, utaacha hindi kwenye chungu cha kwanza. Ikiwa mbaya, utaacha harage. Ile iliyobaki utaitupa kwenye chungu cha pili. Mkono unaingia chini ya kitambaa, hakuna anayeona umeacha nini, na hakuna anayetamka neno. Privatus akasema boma hawajawahi kufikiria hilo. Nikamwambia boma hawajawahi kumfundisha mtu mzima kusoma akiwa amechoka na jembe.

Nilijisikia sana, bwana. Na moyoni nilikuwa naona chungu cha Limi kimejaa maharage.

Tulipima siku ya Jumamosi. Marsiana hakuwepo, alikuwa amekwenda Murukulazo kumzika kaka yake na angerudi kesho yake kwa lori. Asubuhi ile Felisita aliamka na kikohozi kikavu, kile kile kinachotangulia, na mwili una joto. Nilimwacha kitandani na jiko lake la mkaa pembeni, mlango nimeurudishia, nikatoka kwenda kupima nyumba za watu. Mara ya tatu, nilikuwa nawaza, na sindano hakuna.

Watu walilipenda zoezi kuliko nilivyotarajia. Wasubi siku zote walisema nyumba za Wasukuma zinanuka ng'ombe, Wasukuma wakasema nyumba za Wasubi zinanuka ndizi zilizooza, lakini kwa chinichini; sasa kila mtu alikuwa na harage lake mkononi. Tulikwenda nyumba hadi nyumba tukipukuchua mahindi na kutaniana. Walipofika kwangu nilisimama mbali, nikawa nawaona wanavyoingia na kutoka. Kila aliyetoka aliangalia chini. Nikadhani ni huruma kwa mtoto, na kwa kuwa mimi ni mke wa askari.

Privatus akavikusanya vyungu vya kwanza uwanjani kwa Kazimili, akavimimina kimoja kimoja juu ya ungo watu wote wakiona. Kazimili alipata mahindi matano na maharage manne, akashukuru. Petronila alipata maharage sita, akacheka mwenyewe. Chungu cha Limi kilipomiminwa nilisogea mbele. Mahindi sita. Maharage matatu.

Nikasema labda tumepungukiwa maharage.

Chungu changu kilikuwa cha mwisho. Privatus alikimimina, akakigonga tako, akatazama ndani. Kwenye ungo palikuwa na maharage tisa. Nilikichukua chungu nikatia mkono, nikapapasa mpaka chini nikitafuta hata hindi moja, na halikuwepo.

Basi nilipandwa na hasira ambayo sijaiona tena. Nilisema ni wivu wa bati. Nilisema wamepanga njama, ingawa kati ya zile pua tisa nne zilikuwa za Wasubi wenzangu na moja ilikuwa ya binamu yangu. Nilimwambia Privatus achukue fomu zake apande baiskeli yake. Halafu nikamgeukia Limi, nikamwambia mbele ya watu kwamba mtu anayelala na ng'ombe amepata wapi pua ya kupimia nyumba ya matofali. Kwa hasira nilikuwa nimeugonga ungo. Limi aliinama akakusanya maharage yaliyomwagika, akayarudisha kwenye ungo.

Alikuja kwangu saa kumi. Alisimama uwanjani, hakupanda hata barazani, akaniamkia kama hakuna kilichotokea. Nikamuuliza moja kwa moja kama na yeye alitia harage.

"Nilitia," akasema. "Mama Felisita, tangu mume wako aondoke, umeona mtu ameingia akakaa ndani kwako? Wote tunakaa barazani. Tukiingia macho yanatutoka machozi."

Ilikuwa kweli. Tangu mwezi wa kumi na moja kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa anashika kigoda anakaa nje. Anasema hapa panamtosha, anasema ana haraka. Nilikuwa nimechukulia ni heshima. Nilimwambia Limi aende zake, lakini sauti haikuwa na nguvu. Akaniambia kesho nitakapokwenda kumpokea mama mkwe barabarani yeye atakuja kukaa na mtoto, kwa sababu siwezi kumwacha peke yake na siwezi kumbeba akiwa vile. Nilitaka kukataa. Sikuwa na mtu mwingine.

Jumapili nikatoka asubuhi. Mpaka njia panda ni mwendo wa saa mbili. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yamelowa, na upepo unatoka upande wa msitu. Nilisubiri pale mpaka lori la kutoka Rusumo likasimama, Marsiana akashuka akiwa amechoka na macho mekundu ya msiba. Tukarudi taratibu kwa miguu. Nilimweleza habari za vyungu, nikategemea atanitetea, maana nyumba ile ni ya mwanawe. Alisikiliza tu. Aliuliza mtoto anaendeleaje, nikasema anakohoa.

Marsiana alikuwa mtu wa adabu za zamani. Akitoka safari, hata nyumbani kwake mwenyewe hakuingia bila hodi. Akasimama mlangoni.

"Hodi humu."

"Karibuni," akaitikia Limi kutoka ndani.

Akaingia, na mimi nyuma yake. Nilikuwa sijapata kuingia nyumba yangu nikiwa nimetoka kuvuta hewa ya porini kwa zaidi ya saa nne, na nimekaribishwa kama mgeni. Ilinishika kooni. Moshi wa kuni mbichi, mkaa, mafuta ya taa, magunia yaliyoota ukungu, mkojo wa mtoto, vyote vimelala chini ya lile bati ambalo halina hata tundu la kupumulia. Kwa Limi moshi unachujika kwenye nyasi unatoka. Kwangu ulikuwa hauna pa kwenda ila kifuani mwa watu. Limi alikuwa amekaa chini karibu na mlango, Felisita mapajani, anampepea kwa ncha ya kanga. Jiko la mkaa alikuwa amelitoa nje. Macho yake yalikuwa yanabubujika na hakuwa ametoka humo tangu asubuhi.

Marsiana alisimama katikati ya sebule, mkono kifuani. Alikohoa mara moja, akamtazama mjukuu wake, akageuka akatoka. Nilimkuta nje ameshika jembe la Pancras, yuko mbele ya dirisha la kwanza.

Nikamshika mkono. Nilikuwa nalia.

"Mama, ni yeye aliyefunga. Ulisema mwenyewe atafungua yeye."

"Nilisema," akajibu. "Pua yangu ilikuwa imelala. Mwanangu alifunga ili adui asituone. Hakufunga ili tufie ndani."

Akapiga. Udongo ulimeguka kwa mapande, mbao zikalegea, na alipolivuta gunia likatoka wingu jeusi la masizi likamwagika kwenye kilemba chake cha msiba. Hakusimama mpaka madirisha yote matatu yalipokuwa wazi. Kila pigo lilinipata mimi rohoni. Katika yale mapande nililiona moja lenye alama za vidole vinne, nikaliokota, nikalifunga kwenye pindo la kanga. Hilo nilikuwa nalo mpaka lilipokwisha kuwa vumbi.

Jioni ile Felisita alihamia kwenye msonge wa nyasi. Limi aliwatoa ndama wake akawafunga nje, akaacha na kuchoma kinyesi, akasema mbu watatuuma sote sawa. Nilikuwa nakwenda kukaa naye kutwa. Joto lake lilishuka siku ya tatu, na siku ya tisa alikuwa anamfukuza ndama kwa kijiti. Kifua cha tatu kilipiga hodi tu, hakikuingia.

Nilimwomba Limi msamaha pale pale uwanjani kwa balozi, mbele ya watu wale wale. Nilisema kwa Kisukuma changu kibovu nilichokuwa nacho, kikawachekesha, lakini machozi yalikuwa ya kweli. Limi alisema msamaha ameupokea, ila kile cheti cha nyumba bora nimletee akitundike kwenye msonge. Nilimpelekea. Alikitazama akaona aibu, akanirudishia, na tangu hapo akija kwangu alikuwa anaingia mpaka chumbani bila kuulizwa.

Privatus aliporudi nilimsalimia kwa unyenyekevu mpaka akashtuka. Kibali kilitoka, nasi tukajenga majiko ya nje yenye kuta, mchana tukafungua madirisha na giza likiingia tukayafunga baada ya moto kuzimwa. Mwezi wa tatu tukapima upya kwa mahindi na maharage. Chungu changu kilitoa mahindi manane na harage moja. Hilo moja namshuku Kazimili, ambaye hadi leo anakana.

Pancras alirudi mwezi wa nane. Hatukuwa na habari. Nilikuwa nyuma napepeta mtama nikasikia mtu anapiga hodi mbele, na Felisita, aliyekuwa amepanda kigoda anachungulia dirishani, akajibu kwa sauti kubwa safi kwamba karibu, mgeni, mama yupo. Hakumtambua. Nilipofika, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake begani, amekonda, anamtazama mtoto pale dirishani.

Aliingia. Akasimama sebuleni, akayatazama madirisha yote matatu na mwanga uliokuwa umelala sakafuni. Mimi nikawa namtazama anavyovuta pumzi. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia: vifua viwili, maharage tisa, jembe la mama yake.

"Kila usiku kule," akasema, "nilikuwa najiuliza kama niliziba vizuri."

Mimi nina mdomo, nilikwisha sema. Nikampokea ule mfuko.

"Uliziba vizuri sana," nikamwambia, nikaenda kumchemshia maji ya kuoga.